Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Bustani ya Juu ya Paa

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla sijatazama ua lolote, nakagua mifereji. Paa tambarare si la kuchezea: majani yakiziba tundu moja tu, maji hutuama, na kila lita ni kilo nzima inayoelemea dari ya watu. Ndiyo maana matuta yetu makubwa ya udongo yamekaa juu ya nguzo za jengo, alikoelekeza mhandisi, si pale palipopendeza macho.

Saa 1 na nusu. Nasugua sinia la maji ya ndege. Kina chake hakifiki urefu wa kidole, na nimepanga kokoto ndani ili nyuki nao wapate pa kutua bila kuzama. Maji nayabadili mara kwa mara. Ukiyaacha wiki nzima, umefuga mbu.

Saa 3. Palizi, kama unaweza kuiita hivyo. Miche ya miti iliyoletwa na upepo naing'oa yote, maana mizizi yake ikikomaa hutoboa tabaka la kuzuia maji. Mengine mengi nayaacha. Mabua makavu yanabaki, kwa kuwa wapo nyuki wasioishi mzingani. Kila jike hujitafutia tundu lake la kutagia. Vidukari navyo sivipulizii dawa. Leo nimeinama nikaona buu wa kijani amemnyanyua kidukari mmoja juu, anamfyonza. Buu huyo akikua huwa nzi mwenye milia kama ya nyigu, mteja mkubwa wa maua.

Saa 5. Wageni wamefika. Mmoja anatazama mchanga mtupu, kokoto na kipande cha gogo, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini: "Dada, hapa bado mnajenga?"

Swali hilo nalipenda kuliko sifa. Nawaomba wachuchumae. Mchangani kuna vitundu vyembamba kuliko penseli. Tunasubiri kidogo, nyuki anatua, miguu ya nyuma imejaa chavua ya njano, anatumbukia ndani. Spishi nyingi za nyuki huchimba ardhini namna hii; ukitandika nyasi kila mahali umewafungia mlango. Nawasimulia habari za Basel, Uswisi, ambako tangu 2002 paa jipya tambarare sharti lioteshwe mimea. Huko mtafiti Stephan Brenneisen alionyesha kwamba udongo wa vina tofauti, kwingine mwembamba, kwingine mnene, huvutia buibui na mbawakawa wa aina nyingi kuliko uliosawazishwa. Mgeni wangu anageuka kukiangalia upya kile "kiwanja cha ujenzi".

Saa 7 hadi saa 9 jua ni kali. Nakula kivulini, basi.

Saa 9 na nusu. Kikao na meneja wa jengo. Anataka mabua yafyekwe na taa za mapambo zifungwe. Nikamweleza kuhusu nondo, wanavyozunguka taa usiku badala ya kula na kutaga. Hakushawishika. Nikamtajia bili ya umeme. Taa zimefutwa kwenye orodha. Mabua tutayajadili kikao kijacho.