Jinsi Nilivyofufua Matuta ya Maua Mbele ya Nyumba
Matuta ya maua yaliyo mbele ya nyumba yetu, Dar es Salaam, yalikuwa yamechakaa: iksora, yaani vichaka vya maua ya mapambo, zilitoa majani ya njano yenye mishipa ya kijani, ingawa zilimwagiliwa kila jioni. Dalili hiyo huashiria upungufu wa madini ya chuma, ambao mara nyingi hutokea udongo unapozidiwa na chokaa. Nilipochimba kando ya ukuta nilikuta mabaki ya saruji na vipande vya plasta, ambavyo mafundi wengi hufukia papo hapo wanapomaliza kujenga. Niliviondoa hadi kina cha sentimita 40, nikajaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, kisha nikazihamishia iksora mbali na ukuta na kupanda mishubiri karibu nao, kwa kuwa huvumilia chokaa na ukame. Kingo nilizijenga kwa matofali ya kuchoma. Mawe ya matumbawe yanapendeza zaidi, lakini yenyewe ni chokaa. Juu nilitandaza makumbi ya nazi ili kuhifadhi unyevu. Kazi hii ni vyema ifanywe muda mfupi kabla ya masika, ili mvua isaidie mizizi kushika. Majani mapya yalichipua yakiwa ya kijani. Yale ya zamani yalibaki njano hadi yakapukutika.