Faili la tanzia

Wiki iliyopita kijana aliyerithi ile tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro alinitumia ujumbe. Salamu zilikuwa za mkato, vijana wa siku hizi mnawajua. "Kaka mambo. Kuna faili humu linaitwa tanzia.css, lina mistari michache tu na sioni kazi yake. Nifute?" Nikamjibu asithubutu, maelezo yatafuata. Haya ndiyo maelezo, maana kuyaandika kwenye simu kwa kidole kimoja nimeshindwa.

Mzee wa kampuni wengi wenu mlimfahamu. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni lango la Marangu, akawa mpishi wa kambini, akawa kiongozi wa msafara, mwisho akawa na kampuni yake na sisi tukawa tunamtengenezea tovuti, pale ofisini karibu na mnara wa saa, Moshi. Alikuja mwenyewe siku ya kuchagua rangi. Akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu, kofia gotini, akaangalia ule ukurasa wa Marangu niliokuwa nimeupaka kijani kama kurasa nyingine zote.

"Hii njia wageni wanaiitaje?"

"Coca-Cola, mzee."

"Na Machame?"

"Whiskey."

"Sasa mbona zote umezivika sare? Marangu iwe nyekundu. Machame iwe ya rangi ya whiskey."

Bosi wangu alikunja uso, akasema si ya kitaalamu. Mimi nilimpenda mzee tangu siku ile. Na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Rangi, herufi na nafasi za tovuti nzima zilikaa kwenye faili moja la nje, mlima.css, na kila ukurasa uliliita kwa mstari mmoja tu kule juu. Ili ukurasa fulani uwe tofauti na wenzake niliupa jina kwenye tagi ya body, ile alama inayobeba ukurasa mzima, halafu ndani ya faili lile lile nikaandika kanuni ya jina hilo peke yake: #marangu h1, yaani kichwa cha habari cha Marangu, rangi #cc0000, nyekundu. Machame hivyo hivyo, kahawia. Njia za Lemosho na Rongai hazikuwa na kinywaji, zikabaki kijani.

Nisije nikaonekana najisifu. Utaratibu huu, CSS kwa jina, haukuwa mgeni duniani. Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, aliupendekeza mwaka 1994 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na Desemba 1996 W3C, shirika la viwango vya wavuti, wakaupitisha rasmi. Lakini ninaouzungumzia ni wakati wa miaka kumi baadaye, 2006, mwaka wa mgao wa umeme, na bado nilikuwa naletewa tovuti za hoteli na za shule ambazo kila aya imevalishwa tagi yake ya font, rangi imeandikwa, ukubwa umeandikwa, aya inayofuata vivyo hivyo, hadi mwisho wa ukurasa. Mteja akitaka bluu iwe bluu iliyokolea kidogo, unakesha. Na kwa intaneti tuliyokuwa nayo, ya dishi, kila herufi iliyojirudia bure ilikuwa hela ya mtu. Faili la nje kivinjari kinalipakua mara moja, kinalihifadhi, kurasa nyingine zote zinalitumia hilo hilo.

Mzee alifariki mwaka huo huo, hospitalini, baada ya kuugua muda mfupi. Habari tulizipata jioni. Usiku umeshaingia, mdogo wake akaja ofisini. Nitamwita baba mdogo kama nilivyomwita siku zote. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa Uingereza, alikuwa amepiga simu: anataka tovuti yote iwe nyeusi kabla ya asubuhi, mawakala wa Ulaya wakifungua kazini waione.

"Inawezekana?" akauliza. "Au ni kazi ya wiki?"

Bosi akanitazama. Nikasema inawezekana.

Jenereta lilikuwa linanguruma nje, karibu na dirisha, na moshi wake uliingia ndani kidogo. Nilifungua mlima.css kwenye Notepad. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa body: nyuma #ffffff, maandishi #333333. Nikafuta nyeupe nikaandika #000000. Maandishi nikayapa #cccccc. Nikashuka kwenye vichwa vya habari, h1 na h2, kijani nikakiondoa, nikaweka nyeupe. Nikahifadhi. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na koti lake, sikumwambia chochote. Nikafungua ukurasa wa mwanzo nikabonyeza F5 ujipakie upya.

Giza. Ile picha ya kilele, theluji na jua la asubuhi, ambayo kwenye nyeupe ilikuwa ya kawaida tu, sasa ilibaki peke yake katikati ya weusi. Baba mdogo akavuta pumzi. Nikabonyeza ukurasa wa bei: mweusi. Wa mawasiliano: mweusi. Wa vifaa vya kupandia, wa maswali, wa wapagazi na viongozi, wote weusi, na mimi sikuwa nimegusa hata mmoja. Nilikuwa nayajua haya, nilikuwa nayafanya kila siku, lakini sijawahi kuyaona yakinitokea namna ile. Nadhani nilibonyeza kurasa nyingi kuliko ilivyohitajika.

Halafu nikafungua Marangu.

Ukurasa ulikuwa mweusi, lakini juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno Marangu lilikuwa jekundu. Kwenye weusi ule liliwaka. Kwa fundi jibu ni jepesi: nilikuwa nimebadilisha kanuni ya h1 za kawaida, na kanuni yenye jina la ukurasa ina nguvu kuliko ya jumla. Unaweza kuamuru tovuti nzima, mwenye jina lake hasikii. Machame nayo ilikuwa kahawia vile vile. Nikarudi kwenye faili, nikaiweka alama kanuni ya #marangu ili niifute.

"Unafanya nini?"

"Narekebisha, baba mdogo. Hii imebaki."

"Alichagua nani hiyo nyekundu?"

"Mwenyewe."

Akakaa kimya, kisha akavuta kile kiti, kile kile, akakaa. "Sasa wewe unaifuta kwa ruhusa ya nani?"

Sikufuta. Nilipandisha faili kwenye seva likiwa hivyo, kilobaiti nne tu, na hata kwa mtandao wa usiku ule lilikwenda bila kukwama. Mtoto wa Uingereza akapiga simu alfajiri kulalamika kwamba kwake bado kijani kitupu. Nikamwambia ashike Ctrl abonyeze F5, kivinjari chake kilikuwa bado kinatumia faili la jana. Akabonyeza. Halafu sikumsikia tena kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kuhusu ile nyekundu hakuuliza.

Mazishi yalikuwa Machame, kwenye kihamba chake. Watu walikuwa wengi mno na mvua ilinyesha. Hayo wameyaeleza wengine vizuri zaidi.

Walipoanua matanga nikarudisha mlima.css ya zamani, nakala nilikuwa nayo, na tovuti ikawa kijani tena chini ya dakika moja. Nikadhani tumemaliza. Siku hiyo hiyo mama, mjane wa mzee, akapiga simu. Hakuwa mtu wa kompyuta, wajukuu ndio walimfungulia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja kama kawaida yake. Kisha akasema kurasa nyingine zote sawa, biashara ni biashara, lakini ule wenye picha ya baba, mwanangu, ule uache mweusi.

Hapo ndipo ugomvi na bosi ulipoanza. Bosi alitaka niandike mitindo ile ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye tagi ya style, basi. "Faili zima kwa ajili ya ukurasa mmoja?" Na kusema kweli alikuwa na hoja. Faili la nje faida yake ni kutumiwa na wengi. Likitumiwa na ukurasa mmoja ni safari moja ya ziada kwenda kwenye seva, na mgeni mwenye laini mbovu anaisubiri. Mimi nikashikilia la nje. Nikatengeneza tanzia.css, mistari michache ya weusi, nikauongeza wito wake kwenye ukurasa wa mzee peke yake, chini ya ule wa mlima.css. Mpangilio huo una maana: kanuni mbili zikilingana nguvu, inayokuja mwisho ndiyo inayoshika. Ukurasa ule unavaa kwanza kijani cha kampuni, halafu juu yake mweusi.

Kwa nini nilishikilia? Nilimpa bosi sababu za kifundi, nyingine nilizibuni palepale. Sababu niliyokuwa nayo moyoni ni kwamba kampuni ile ilikuwa na ukurasa kwa kila kiongozi wa siku nyingi, na picha yake, na idadi ya mara alizofika mita 5,895. Wengi hawakuwa vijana. Niliwaza tu, sikumwambia mtu, maana kwetu mambo hayo hayasemwi kabla. Kabla sijaondoka pale, wito wa tanzia.css ulikuwa umeshaongezwa kwenye kurasa nyingine pia, na kila mara ilikuwa ni mstari mmoja. Kijana wangu, ukiutafuta kwenye kurasa za viongozi utauona. Kama ni ujanja wa kifundi au ni uchuro, sijaamua.

Ila mnaomkumbuka baba mdogo mtataka kusikia ya ankara.

Bosi aliiandika mwenyewe. Mstari wa kwanza: kubadili rangi tovuti nzima, bure, rambirambi ya ofisi. Mstari wa pili: kutengeneza mtindo maalumu, ukurasa mmoja, na hapo akaweka bei. Bei yenye afya. Baba mdogo akaja nayo mkononi, akaiweka mezani akainyoosha kwa kiganja.

"Nieleweshe. Kurasa zote, bure. Ukurasa mmoja, hela?"

Bosi akanigeukia. "Mweleze wewe, fundi."

Nikamweleza. Kwamba zote zinasoma faili moja, ukigusa hapo umezigusa zote, ni kazi ya dakika chache. Kwamba kuutenga mmoja usifuate wenzake ndiko kunakohitaji faili jipya, wito mpya, na kuhakikisha hautibui wengine. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Basi," akasema, "rudisha zote ziwe nyeusi. Kesho uzifanye zote kijani. Keshokutwa nyeusi. Hizo si ni bure?"

Bosi alicheka kabla yangu, na akapunguza. Wakakubaliana nusu. Nusu hiyo nayo baba mdogo aliilipa kwa awamu, na nilipoacha kazi mhasibu alikuwa bado anampigia simu.