Mfalme aliyeugeukia ukuta

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye sura ya 20 ya Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mfalme Hezekia anaumwa. Nabii Isaya anaingia na neno gumu: tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa. Hezekia hamjibu nabii hata neno moja. Anaugeuzia ukuta uso wake, anasali, analia sana.

Ukuta ule naujua. Huu ni mwaka wa tatu tangu niondolewe tezi dume kwa ajili ya saratani, na usiku wa kuamkia kipimo huwa nalala nimeuelekea. Huwa nadhani mama watoto hajui kwamba niko macho. Safari iliyopita alinishika bega gizani, akasema, "Mume wangu, ukuta haujibu. Geuka huku tusali." Niligeuka. Tulisali, na sikupata usingizi bado, lakini sikuwa peke yangu.

Nawaandikia hasa akina baba wenzangu wa huku Masasi na vijijini, kwa sababu kwenye jumuiya tunaombea mvua, tunaombea bei ya korosho, tunaombea watoto waliokwenda Dar es Salaam, na hili hatulisemi. Mwanaume akishatoka hospitali na mpira wa mkojo umeshaondolewa, watu humpa mkono na kumwambia "pole, umepona". Naye huitikia "Mungu ni mwema", na ni kweli Mungu ni mwema. Lakini miezi michache mbele kuna tarehe imeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na tarehe hiyo huanza kumtafuna wiki mbili kabla haijafika. Maumivu kidogo ya kiuno, ambayo ni ya jembe tu, hugeuka kuwa habari. Mjomba wangu wa Newala hupiga simu kila Jumapili kuuliza hali, nami humjibu "mzima kabisa, mjomba" kwa sauti ya mtu mwingine.

Hofu yetu ina jina, inaitwa PSA. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kuingia kwenye damu. Tezi ikiondolewa yote, kiwango chake kinatakiwa kushuka mpaka mashine karibu isione kitu, na kwa kawaida hupimwa mara ya kwanza wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miezi kadhaa katika miaka ya mwanzo. Hapa kuna jambo ambalo lingemfaa kila mmoja wetu kulijua. Karatasi ya maabara mara nyingi huandikwa kwamba kawaida ni chini ya 4. Hiyo ni kawaida ya mtu mwenye tezi yake. Kwetu sisi tulioondolewa, madaktari huanza kuangalia kwa makini kwenye 0.2, na hata hapo hurudia kipimo kabla ya kusema lolote. Tena mashine hazilingani: moja huishia kuandika "chini ya 0.1", nyingine huweza kuona mpaka 0.01. Baba mmoja niliyekutana naye kliniki alikuwa amekonda kwa mawazo kwa sababu karatasi ya kwanza ilisema chini ya 0.1 na ya pili, kutoka maabara nyingine, ikasema 0.03. Alidhani imepanda. Haikuwa imepanda, mashine ya pili ilikuwa na macho makali zaidi. Pimeni mahali pamoja kila mara, na karatasi za zamani msizitupe.

Sasa nirudi kwa Hezekia. Isaya hajatoka hata ua wa katikati, neno la Bwana linamrudisha: nimesikia maombi yako, nimeyaona machozi yako, nitakuponya, nitakuongezea miaka 15. Halafu Isaya anaagiza tini zikandamizwe, ziwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa katika pumzi moja. Na hapo ndipo Hezekia anasema neno ambalo limenishika wiki nzima. Anauliza: ishara itakuwa nini kwamba Bwana ataniponya?

Ameshaambiwa! Ameambiwa na nabii, dawa imeshawekwa kwenye kidonda, na bado anauliza ishara. Nilitarajia Mungu amkemee. Hakumkemea. Anaulizwa achague, kivuli cha jua kiende mbele madaraja kumi, yaani ngazi kumi, au kirudi nyuma madaraja kumi, na kivuli kinarudi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu mtu akiambiwa kwamba akienda tena kupima, amemkana Mungu aliyemponya. Mtu huyo aliacha kliniki. Ndugu zangu, msifanye hivyo, na msimfanyie hivyo mwenzenu. Kupima ni kuomba ishara, na Biblia inaonyesha kwamba aliyeomba ishara kwa machozi hakufukuzwa. Tena kipimo hakipo kwa ajili ya kutuhukumu. Ugonjwa ukirudi mara nyingi huonekana kwenye damu mapema sana, kabla mwili haujasikia lolote, na tiba ya mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza wakati kiwango bado ni kidogo. Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, ni mbali na kwetu, ni safari ya kutwa nzima kwenye basi, lakini ipo, na watu huenda na kurudi. Yule anayeacha kupima kwa jina la imani hujinyima nafasi hiyo.

Vilevile hofu yenyewe si dhambi. Hezekia alilia kama mbayuwayu, ndivyo alivyoandika mwenyewe kwenye wimbo wake ulioko kwa Isaya sura ya 38. Mfalme mzima. Na Novemba 2014 Rais Kikwete, akiwa bado Ikulu, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani, na nchi nzima ikaambiwa. Nakumbuka kwangu mimi ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno tezi dume redioni bila kunong'onwa. Ikiwa rais ametajwa hivyo, mimi mwalimu mstaafu naficha nini mbele ya jumuiya yangu?

Kuna kitu kimoja namwonea wivu Hezekia: aliambiwa hesabu. Kumi na tano. Mimi sina hesabu, nina kadi yenye tarehe ya kipimo kinachofuata tu. Nimelisali hilo sana mwezi huu, mara nyingine nikiwa shambani. Mikorosho imeanza kuchanua, na asubuhi kuna ukungu ule wa baridi unaopendwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua ya mikorosho. Mnajua kazi yake: unapuliza salfa, unasubiri, unarudi kukagua maua, unapuliza tena. Hakuna mkulima anayepuliza mara moja akalala mpaka Oktoba. Na hakuna anayekesha chini ya mkorosho akipekua ua moja moja kwa tochi. Kuna siku ya kukagua, na zile siku za katikati mtu anapalilia, anakwenda mnadani, anacheza na wajukuu. Zile siku za katikati ndizo nilizokuwa nimezipoteza. Nilikuwa nazila zote kwa tochi.

Kwa hiyo nimemwomba Bwana kitu kidogo, na mkipenda ombeni nami hivi: Bwana, uliyeyaona machozi ya Hezekia, yaone na yangu. Siku ya kipimo unishike mkono. Siku zisizo za kipimo unirudishe kwa watu wangu. Majibu yakiwa mazuri, nikushukuru bila kujidai. Yakiwa mabaya, usiniache nikageukia ukuta peke yangu. Amina.

Jumanne naenda kuchukuliwa damu. Yule binti wa maabara huniamkia shikamoo kwa upole mpaka nasahau sindano, kisha husema, "Majibu Ijumaa, baba." Alhamisi jumuiya iko nyumbani kwetu, saa kumi jioni. Majibu yatakuwa hayajatoka. Nimemwambia mama watoto kwamba kwenye maombi ya waamini safari hii nitalitaja kwa jina lake, na mjomba nimempigia jana, nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema anakuja, atapanda basi la asubuhi kutoka Newala.