Karati zisikuzuge, uliza jiwe limekatwaje

Mtu akionyeshwa pete ya almasi swali la kwanza ni "karati ngapi hiyo?" Mimi huwa nauliza imekatwaje, halafu naonekana najifanya mjuaji, lakini karati ni uzito tu jamani, na uzito haumeremeti. Almasi ikitoka ardhini unaweza ukaipita bila kugeuka, imefifia kama kipande cha shabu ya kinyozi. Kule kuwaka kote kunatengenezwa mezani kwa fundi.

Iko hivi. Mwanga ukiingia kwenye almasi mwendo wake unashuka vibaya sana, kutoka kilomita kama 300,000 kwa sekunde mpaka kama 124,000, na hapo hapo unapinda. Kuingia ni rahisi, shughuli ni kutoka. Ukigonga ukuta kwa ndani ukiwa umeinama zaidi ya digrii 24 hivi (kuhesabia toka mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo) hautoki ng'o, unarudishwa wote. Kioo cha kawaida mpaka uzidi kama digrii 41, ndo maana kioo ukikichonga umbo lilelile mwanga mwingi unavujia chini na wewe huoni kitu.

Sasa kazi ya fundi ni kupanga zile nyuso za chini ili mwanga ulioingia juu ugonge upande mmoja, urukie wa pili, urudi juu kwenye jicho lako. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wakata almasi wa Antwerp, aliipigia hesabu: nyuso za chini digrii 40.75, za juu 34.5, na mpaka leo almasi za duara zenye nyuso 57 au 58 zinazungukia humo humo. Ukiacha chini kina kirefu katikati panakuwa peusi, ukikata bapa sana linatokea duara la kijivu ndani ya jiwe. Wapo wanaojua kabisa na bado wanaacha hivyo, maana kila digrii unayorekebisha unasaga hela. Ile almasi ya pinki ya Mwadui kule Shinyanga, iliyopatikana 1947, ambayo Dkt. John Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi, ilikuwa karati 54.5, ikakatwa ikabaki 23.6! Zaidi ya nusu imeenda, na hakuna anayelalamika.

Ile pinki yake lakini iko kwenye jiwe lenyewe, ni habari nyingine. Zile cheche nyekundu, kijani, bluu unazoziona kwenye almasi nyeupe zinakuja kwa sababu mwanga mweupe ni rangi nyingi zimechanganyika na kila moja inapinda kivyake, zambarau zaidi, nyekundu kidogo, zikitoka zinaachana. Na kadiri zinavyosafiri ndo zinazidi kuachana, kwa hiyo usiisogeze pete mpaka puani, nyoosha mkono halafu tikisa kidogo, jicho litadaka rangi moja moja.

Sonara wanalijua hili vizuri sana, angalia dari za maduka yao, vitaa vidogo vidogo vikali vimejaa, kila kitaa kinazaa cheche zake, hapo hata jiwe lililokatwa hovyo linapendeza. Taa ndefu za tyubu mwanga wake umetawanyika, rangi zinarudi kujichanganya na unabaki na weupe tu. Omba utoke nayo hadi mlangoni, kwenye kivuli, uone kama bado ina uhai, na sonara akikataa kata kata mimi ningeondoka. Chini ya mwembe, jua likipenya kwenye majani, hapo almasi nzuri inacheza balaa.

Na usafi jamani. Almasi inapenda mafuta kweli kweli, migodini walikuwa wanapitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zinanasa mawe mengine yanapita. Sasa losheni yako ikiganda nyuma ya jiwe ile digrii 24 inapanda mpaka thelathini na kitu, mwanga unaanza kuvujia chini, unakimbilia kusema umeuziwa feki. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, na sugua kwa nyuma, maana huku juu kila mtu anapasugua na nguo yake siku nzima.