Nusu kaputi au usingizi mwepesi

Leo Baba ameondolewa ule mrija laini aliowekewa alipotolewa jiwe la figo, na sasa amelala chumba cha pili hapa Nkuhungu.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache: daktari hupitisha kamera kwenye njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, akaushika mrija na kuuvuta. Wengi hufanyiwa kwa jeli ya ganzi peke yake, lakini Baba aliumia mno siku ya katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, nami nikashikilia apewe nusu kaputi. Yeye hakutaka. "Mwanangu, nizimishwe kwa ajili ya kutolewa uzi?"

Mtaalamu wa usingizi alimwamkia shikamoo, akavuta kiti, akatueleza kwamba jambo kubwa ni pumzi. Aliyepigwa nusu kaputi haamki hata akiumizwa, na mara nyingi husaidiwa kupumua kwa kifaa cha kooni; aliye katika usingizi mwepesi hupumua mwenyewe, na akiitwa huitika. Dawa ya kutuliza huondoa hofu, maumivu yanabaki kuwa kazi ya jeli. Kisha akasema neno lililonishtua: hakuna ukuta kati ya hali hizo mbili, na dozi ikimzidi mzee kidogo tu anaweza kuzama hadi kwenye nusu kaputi yenyewe, ndiyo maana oksijeni na mtu wa kumwangalia ni lazima hata kwa usingizi mwepesi.

Kufunga nako ni kulekule kwa hali zote mbili: chakula chepesi kikome saa 6 kabla, na maziwa yanahesabiwa kuwa chakula. Wiki iliyopita Baba alirudishwa kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa, kwa kuwa karatasi tuliyopewa ilisema "asile" tu. Kumtoa mzee Mpwapwa usiku kwa karatasi ya namna ile kumeniuma, na bado kunaniuma.

Kile kibanio cha kupima oksijeni kilikataa kusoma kwenye kidole chake cha shahada, chenye ukucha mnene wa jembe, kikakubali kwenye kidole cha mwisho. Alipotoka aliniuliza wataanza saa ngapi.

Tumeagizwa asiendeshe chombo wala kutia saini yoyote kwa saa 24. Mnunuzi wa alizeti amepiga simu mara mbili akitaka wakubaliane bei. Nimemwambia asubiri hadi kesho jioni.