Wanja wa Bi Mdogo

Kibokoni, Alhamisi usiku

Jana hatimaye baba alikubali kupimwa macho. Tangu Ramadhani alikuwa akisema ni uzee tu. Daktari akaandika kwenye kadi: jicho la kulia 31, la kushoto 28. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21. Akapima na unene wa kornea, kile kioo cha mbele ya jicho, akasema ya baba ni nyembamba, na kornea nyembamba hufanya kipimo kisome chini kuliko presha yenyewe. Glaukoma. Neva ya jicho la kulia imeshaumia na kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki.

Kisha akauliza, "Nani mwengine kwenu ana shida ya macho?"

Baba akanyamaza. Nikajibu mimi kwamba babu alikufa kipofu.

Sikumwambia daktari kuwa kwetu upofu wa babu una mwenyewe. Babu alikuwa akiuza viungo Marikiti. Mwanzo watu walisema amefanya kiburi, akipitiwa ubavuni haitikii salamu. Baadaye akawa anaipiga mizani kikumbo na kumwaga iliki za watu. Sasa nimejifunza kwamba glaukoma hula pembeni kwanza, katikati ikaonekana vizuri kwa muda mrefu. Babu hakuwa na kiburi. Hakuwa akiwaona. Lakini wakati ule sababu ilitafutwa nyumbani, ikapatikana: Bi Mdogo, mkewe wa pili, ndiye aliyekuwa akimsagia wanja wa manga kila Ijumaa. Basi wanja ukawa umetiwa kitu. Naambiwa neno hilo lilisemwa mara moja tu, likatosha. Watoto wa mama huyu na wa mama yule wakaacha kuingiliana.

Mimi nilikatazwa kula chochote kitokacho mkononi mwake. Siku moja aliniita akanipa kaimati kwenye bakuli, nikaziacha palepale ukingoni mwa baraza lake nikaondoka. Aliniona. Nilikuwa na miaka saba au minane.

Usiku wa jana sikupata usingizi, nikawa nasoma habari za panya. Nilianza kwa kutafuta ugonjwa wa baba, na kila nilikofungua nikamkuta panya.

Kuna ukoo wa panya wa maabara uitwao DBA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1909 na Clarence Cook Little kwa kuzalisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, mpaka panya wote wakafanana kijeni kama mapacha. Yeye ndiye baadaye, mwaka 1929, aliyeanzisha Jackson Laboratory kule Bar Harbor, Maine. Tawi moja la ukoo huo, DBA/2J, huzaliwa macho yakiwa mazima. Wakishakuwa wakubwa, ule mduara wa rangi unaozunguka mboni huanza kumomonyoka. Chembe za rangi huelea, zikaziba njia ya kutokea maji ya jicho, presha ikapanda, neva ikafa. Panya anayekaribia mwaka mmoja mara nyingi neva zake zimeshaharibika vibaya. Mwaka 2002 wanasayansi walizitaja jeni mbili zenye kasoro, Tyrp1 na Gpnmb. Hiyo ya kwanza ndiyo pia inayowapa manyoya ya kahawia! Walizitenganisha kwa kuwachanganya panya hao na koo nyingine na kuangalia macho ya wajukuu: aliyerithi kasoro moja ugonjwa wake ni mwepesi, aliyerithi zote mbili ndiye huugua sana. Kwa kuwa mimba ya panya ni wiki tatu tu, mtu huweza kumwona babu na mjukuu ndani ya miezi michache. Sisi imetuchukua miaka hamsini.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Panya hao hukaa kwenye vizimba safi, chakula kimoja, maji mamoja, taa huwashwa na kuzimwa kwa saa. Hawana mke mwenza. Hakuna jirani aliyewahusudu, hakuna aliyewapaka wanja.

Najua glaukoma ya baba si ile ya panya wa DBA. Kwa watu wengi ni jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Lakini hata ile kornea nyembamba ina habari yake kwa panya: kwenye koo zilizotokana na kuchanganya DBA/2 na panya weusi wa C57BL/6, watafiti walipima unene wa kornea, na mwaka 2018 wakaitaja jeni ya POU6F2, ambayo huenda ikahusika na glaukoma ya binadamu pia. Kilichosomwa jana jichoni mwa baba kuna mtu alishakipima kwenye jicho dogo kuliko punje ya mbaazi.

Asubuhi nikampigia shangazi, binti wa Bi Mdogo, kwa sababu daktari alitaka ndugu wote wapimwe. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga. Hakunipa nafasi.

"Mimi natia matone mwaka wa tatu huu, mwanangu. Sikujua nimwambie nani."

Baba mmoja, mama mbali mbali, ugonjwa ule ule. Bi Mdogo alifariki 2009, na hakuna yeyote wa upande wetu aliyewahi kumwomba radhi. Mimi nilikuwa mtu mzima kufikia hapo. Ningeweza kwenda.

Alasiri nikamweleza baba, panya na yote. Alisikiliza uso ukiwa dirishani. Muda ukapita. Akasema, "Mwambie aje."

Shangazi alifika baada ya magharibi. Nikambusu mkono. Mlangoni alisita kidogo, akavua viatu, akauliza matone yako wapi. Nikamtolea kichupa kwenye friji. Akamwinamisha baba kichwa nyuma, akamvuta kope ya chini kwa kidole. Tone la kwanza likateremkia shavuni.

"Usikaze, kaka. Rudia."

La pili likaingia. Akamwonyesha pa kubana, pembeni karibu na pua, dawa isishuke kooni. Baba akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa sauti, na mkono wa shangazi ukabaki begani mwake mpaka alipofika sitini.