Ile taa ya kijani ilinidanganya

Zamu yangu huanza saa tano usiku. Ni mwaka wa saba sasa niko kwenye nyumba ya wazee hapa Minnesota, Marekani, na nikishapokea ripoti kwa nesi, kitu cha kwanza ni kupiga magoti kando ya kila kitanda. Naangalia waya, naangalia breki za magurudumu, nasoma tarehe.

Wengi hawajui kuwa pedi ya alamu ina tarehe. Ni kitu chembamba, hutandikwa chini ya shuka usawa wa makalio. Mzee akiinuka uzito unaondoka, na kisanduku cha alamu kilichounganishwa nayo kinalia. Lakini pedi iliyochoka, au iliyokunjika pale kitanda kinapoinuliwa upande wa kichwa, hubaki imeshikana ndani. Kisanduku kinadhani mtu bado amelala.

Ndivyo ilivyokuwa Novemba ile. Saa tisa usiku nilisikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta babu mmoja chini kati ya kitanda na mlango wa choo, mkono umevunjika. Alikuwa anajaribu kunyamaza asiwaamshe wengine. Juu yake taa ya kijani ya kisanduku inawaka na kuzima kama kawaida, kana kwamba bado yuko kitandani. Nilipoipindua ile pedi nikaona mwandiko wa kalamu: Februari. Na pedi ile ni ya kutumika miezi sita tu! Tumepokezana zamu ngapi humo katikati, kila mmoja akiamini mwenzake ameangalia. Mimi nikiwamo. Nililia garini asubuhi.

Kwa hiyo ninyi mlioanza kazi hii juzi, taa msiiamini. Kitanda kikiwa kitupu, kandamiza pedi kwa kiganja, kisha achilia. Isipolia, itoe. Usiipanguse kwa dawa kali ya klorini, ngozi yake inapasuka. Na raba za fremu za kutembelea zigeuzeni mzione: chuma kikianza kuchungulia, kwenye vigae vilivyolowa hazishiki kitu.

Alamu haimzuii mtu kuanguka, hilo nalijua. Kinachozuia ni kujua kwamba babu hubanwa na mkojo saa nane, ukafika kabla hajajiinua. Sasa nafika. Nikimwinua hatuondoki mpaka ilie. Yeye mwenyewe husimama ameshika mkono wangu, kidole juu, anasikiliza. Ikilia ananitikisia kichwa, ndipo tunaenda.